Mbuzi Themanini, Ngamia Sita

"Dada, mzee wako yuko huku sokoni anachagua mbuzi," Nyakim alisema kwenye simu kutoka Kakuma. "Anataka themanini. Na ngamia sita."

Akuwam alikuwa anasonga ugali nyumbani kwake Lodwar. Mwiko ukasimama. "Wa nini?"

Nyakim, rafiki yake anayeuza chai pale sokoni, akashusha sauti. "Wanasema ni mahari. Wazee wanakaa leo saa nane."

Lo! Mumewe Lomuria huyuhuyu, dereva wa serikali aliyestaafu juzi tu! Milioni moja na laki mbili za kiinua mgongo! Wao wawili walikaa mbele ya Ashley wa benki wakakubaliana vizuri kabisa: nusu inunue hati za dhamana za serikali, izae riba polepole, na nusu ijenge vyumba vinne vya kupangisha. Lomuria akaitikia "sawa, sawa" kama mtoto wa Sunday school. Kumbe moyo uko Kakuma!

"Atanitambua leo," Akuwam akasema. Akaepua sufuria, akajifunga leso kiunoni, akapanda gari.

Njia nzima alipiga hesabu. Ngamia wawili, chumba kimoja kimekwenda. Alijiambia kwamba hamlilii mume. Mume wa miaka sitini, analiliwa na nani? Analilia vyumba. Lakini machozi yalimtoka mpaka Kakuma, na hayakuwa ya vyumba peke yake.

Aliwakuta wazee wameketi kwenye vigoda vyao kando ya zizi. Lomuria alikuwa katikati, shati limepigwa pasi. Na pembeni yake nani? Ekidor, kaka yake Akuwam, tumbo moja!

"Ejok, mama," wazee wakamsalimu.

"Ejok gani! Hata wewe, Ekidor? Umekuja kula nyama ya mke mwenzangu?"

"Dada, nyamaza," Ekidor akanong'ona. "Unatuharibia."

"Ndicho nilichokuja kufanya!" Akawageukia wazee. "Nani kawaambia kuna mwanamke wa ngamia sita? Ana nini huyo? Anatema asali? Mimi nawaambia, mbuzi ishirini wanamtosha. Ngamia hata mmoja asimwone! Na akipewa hao ishirini apige magoti ashukuru!"

Wazee wakatazamana. Mmoja akashikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Lomuria alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu, mabega yanamtikisika.

"Mama," mzee mkubwa akauliza taratibu, "una hakika? Ishirini?"

"Ishirini! Na hapo nimemhurumia."

"Hakuna ngamia?"

"Hakuna hata mkia wake!"

Ekidor akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Akuwam! Miaka thelathini na moja nangoja mahari hii, na leo unaimwaga kwa mdomo wako mwenyewe!"

Lomuria akasimama, akakung'uta suruali, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kusoma risala.

"Wazee wangu, mmesikia," akasema. "Bibi harusi mwenyewe amesema ishirini."