Ng'ombe wa Kitabuni

"Mi nilihurumia sana ule ngombe," Kampire alisema, na darasa zima likamgeukia.

Alidhani wanamsikiliza, basi akaongeza sauti. Akaeleza jinsi msichana wa kwenye riwaya alivyomvusha Bihogo, ng'ombe wake mwekundu, mtoni wakati watu wanakimbia vita, na jinsi ndama alivyobaki ng'ambo akilia. "Pale njo nililia na mimi," alisema. "Muntu mwenye aliandika hii kitabu anajua ngombe."

Kwenye benchi la nyuma mama mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Ilikuwa Jumamosi ya wazazi katika shule moja ya sekondari mjini Mweso. Mwalimu Mukashema alikuwa na mtindo wake: aliwagawia akina mama riwaya ileile waliyoisoma watoto wao, halafu wote wakakutana kutoa maoni. Kampire alikuwa ameteremka mlimani kwa miguu, kitenge cha Pasaka kiunoni, kwa sababu binti yake Uwingabire aliwatangazia wenzake kwamba mama yake humaliza kitabu kwa wiki moja. Uwingabire hakuutunga uwongo huo. Aliambiwa na mama yake mwenyewe.

Kampire hakujua hata herufi moja. Binti aliishi mjini kwa shangazi yake tangu darasa la kwanza, akija nyumbani likizo tu, na kumdanganya haikuwa kazi ngumu. Aliyeijua siri hiyo ni mmoja, mumewe Nshuti, na Nshuti si mtu wa kutoa siri za watu.

Nshuti ndiye aliyemsomea. Kila asubuhi, Kampire akitikisa kibuyu cha maziwa ili siagi ijitenge, mumewe alikaa mlangoni penye mwanga na kufungua riwaya. Alisoma bila miwani na bila kukwama, kama alivyosoma zaburi kanisani kila Jumapili, mpaka wageni wakauliza mzee huyu alisomea wapi. Kampire alimwonea wivu, tuseme ukweli. Mara moja tu alimwomba arudie kile kipande cha mto, na Bihogo akatoka mweupe. "Iyo ni ukurasa ingine," Nshuti alimjibu, na kibuyu kikaendelea kutikiswa.

"Mama Kampire," Mukashema alisema polepole, "mu hii kitabu hamuna ngombe."

"Iko, Madame."

"Ni kitabu ya mutoto mwanamuke mwenye anatengeneza ma-radio mu muji. Pengine utuonyeshe ukurasa?"

Mwalimu aliuliza kwa nia njema. Kampire alifungua riwaya, akageuza karatasi moja, ya pili, ya tatu, akimtafuta ng'ombe katika mistari ambayo kwake yote ilikuwa sawasawa. Sasa akina mama walicheka bila kukohoa. Uwingabire, aliyeketi dirishani na wasichana wenzake, alitazama viatu vyake, kisha akainuka na kutoka nje bila kuomba ruhusa. Kampire aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na kitenge chake cha Pasaka pia.

Mukashema aliyaona macho yake, yalivyokuwa yakirandaranda bila kufuata mstari. Akachukua kitabu taratibu, akasema saa imekwisha.

Akina mama wengine walipoondoka, Mukashema alimketisha Kampire kwenye benchi la mbele. Akakata karatasi kutoka kwenye daftari na kuandika kwa wino mwekundu, kubwakubwa: a, e, i, o, u.

"Njo tunaanziaka hapa, Mama. Hizi tano tu. Bwana yako anajua kusoma, akufundishe pole pole. Uwingabire nitaongea naye miye."

Kampire alishukuru bila kuinua uso. Alikunja karatasi, akaitia kifuani, akapanda mlima akiwa na hasira. Alijua sasa ni nani wa kulaumiwa. Nshuti alimfanyia mchezo. Alikuwa na kitabu kizuri mkononi, akaamua kukitia chumvi zake za malishoni ili amcheke mkewe moyoni, na mkewe akaenda kuzimwaga mbele ya watu na mbele ya mtoto wao. Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia. Mengine hayafai kuandikwa hapa.

Alimkuta mlangoni akingoja, mikono magotini, uso wa mtu anayetaka habari njema.

"Bilikuwa namna gani?" Nshuti aliuliza. "Kitabu walikipenda?"

Maneno yote aliyoyapanga akayaacha. Alitoa karatasi kifuani na kumnyooshea. "Madame aliandika hii. Anasema unisomee."

Nshuti aliifungua, akaisogeza kwenye mwanga, akakohoa kidogo kama afanyavyo kanisani.

"'Kwa Papa Nshuti,'" alisoma. "'Bibi yako aliongea muzuri kupita bamama bote. Mutoto wenu alifurahi sana. Muendelee kusoma vile vile, na Mungu abariki ngombe zenu.'"

Hakukwama hata mara moja. Kampire alikitazama kidole cha mumewe kikipita juu ya zile herufi tano, kikishuka chini zaidi pasipo na wino, mstari baada ya mstari. Aibu ikamrudia, nzito kuliko ya darasani, na safari hii haikuwa yake mwenyewe.

"Basi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Imeisha?"

"Ah, haiyaisha," Nshuti alisema, akaigeuza karatasi na kuendelea kusoma upande wa pili, ambao haukuwa na kitu.