Kamati ya Kulinda Mikia

Nyumbu walipochoka kuliwa na mamba kila walipovuka mto, waliunda kamati chini ya Nyati, aliyejiita fundi mkuu kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumbishia. Nyati akawakagua waliorudi. Karibu wote walikuwa na majeraha mkiani.

"Fungeni magome ya miti mikiani," akaamuru. "Mamba anapenda mikia."

Kanga, ndege asiyeacha kuuliza, akasogea. "Mzee, waliong'atwa shingoni umewakagua?"

"Hayupo hata mmoja! Kwa hiyo shingo ni salama."

"Hawapo kwa sababu hawakurudi, mzee wangu. Aliyeng'atwa mkia hurudi kukuonyesha. Aliyeng'atwa shingo ameshaliwa. Zifungeni shingo."

"Na wewe ufundi umesomea wapi?" Nyati akacheka. Kamati nzima ikacheka pia, maana ndiyo kazi yake.

Kesho yake Nyati akajifunga mkiani gome gumu kuliko yote, akaingia mtoni wa kwanza ili awe mfano.

Jioni mkia wake ulielea hadi ukingoni, umo ndani ya gome, hauna hata mkwaruzo. Kamati ikaukagua kwa makini, ikapiga makofi, kisha ikaagiza magome mengine.