Chungu cha Bi Punda

Shoga, apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Haya, maana mimi nimeshawaambia wote kisimani.

Bi Punda, mchota maji, alimshinda Mbuzi katika mbio za kupanda mlima. Mbuzi, bingwa wa siku zote, akaanza kunong'ona: "Punda gani apande vile? Chunguni kwake mna dawa."

Mwamuzi, Mzee Kanga, akaamuru chungu kifunuliwe asubuhi mbele ya wote. Dawa ikionekana, Bi Punda hatashindana tena.

Bi Punda alijua mle mna uji wa mtama tu, ila nani angemsadiki? Mlima ule aliupanda kila siku na mitungi mgongoni. Siku ya mashindano ndiyo aliyoupanda bila mzigo kwa mara ya kwanza.

Kulipokucha wakaja wote, wakapokewa na makalio. Mbuzi kazamisha kichwa chunguni, pembe zimekwama.

"Jirani, unatafuta nini?" Bi Punda akauliza.

Mbuzi akadhani wako wawili tu. "Nigawie na mimi hiyo dawa, mwaya. Uji nimeumaliza wote, siioni."

Kanga akaangua kicheko, na mlima mzima ukamfuata.

"Dawa ni ile mitungi mlangoni," akasema Bi Punda. "Ukichomoka, beba miwili tupande pamoja."