Kiganja cha Paroko

Kikaratasi cha kupimia maji kiligeuka njano mkononi mwa Theopista. Njano maana yake asidi imezidi.

"Baba Queen, umegusa asidi?" alimnong'oneza mumewe.

"Nilikusaidia, mama. Nimemimina asubuhi."

"Na mimi nimemimina!"

Bwawa lao jipya la kuogelea la maji ya chumvi, la turubai na vyuma, lilimeremeta katikati ya ua wa gesti, safi kinafiki. Watoto waliotoka kupokea Komunyo ya Kwanza walishajipanga kwenye ngazi. Akisema ukweli, Mpanda nzima itakuwa imeusikia kabla ugali wa jioni haujasongwa. Akinyamaza, je, macho ya watoto wa watu?

Baba Paroko alimaliza kubariki bwawa, akakunja mkono wa kanzu.

"Nyie wanangu, subirini. Nasikia maji haya yana chumvi. Ngoja mzee wenu nionje kama mboga imekolea."

Watu wakacheka. Akachota kiganja kizima, akakiinua mdomoni.

Theopista, ambaye tangu abatizwe hajawahi hata kumkatisha padri maneno, alimchapa mkono. Paa! Maji yakaruka hadi kwenye miwani ya padri.

Kicheko kikakatika.

"Nisamehe, Baba," alisema. "Hakuna anayeingia."