Tanuru la Chuo

"Weka dole gumba hapa, mama," mhadhiri alimwambia Anyisile, mfinyanzi, akimsogezea fomu ya kushuhudia msaada wa chuo. "Vyuo vinapangwa nafasi kwa jinsi vilivyoisaidia jamii, na sisi tuliwajengea tanuru."

Tanuru lenyewe lilipasua vyungu vyote vya Anyisile siku ya kwanza. Tangu hapo alikuwa amerudi kuchoma vyungu kwa nyasi, ufukweni.

"Mwalimu, siku hizi humo wanataga kuku."

"Safi! Tutaandika ufugaji nao umeinuka."

Wafinyanzi wenzake Anyisile wakaangua kicheko, naye akacheka.

"Kumbe binti yako yuko darasani kwangu," mhadhiri akasema kwa upole. "Mtihani wake bado sijausahihisha."

Anyisile aliacha kucheka. Akafuta udongo kwenye dole lake kwa kitenge, akafuta tena, mpaka mistari ya ngozi ikaonekana.

"Wino uko wapi?" akauliza.