Kondensa ya Lori la Baba

Mwaka wa hamsini na nne, lori lililokuwa likimpeleka Mwanapili kuolewa Msambweni lilizimika mbele kidogo ya Mwabungo. Dereva alikuwa baba yake, fundi wa miaka mingi. Vya mbali aliviona vyema, lakini vya karibu macho yake hayakuviona tena, na siri hiyo aliijua binti yake tu.

Mzee aliinamia injini, akapapasa. Mwanapili akateremka na buibui lake.

"Rudi ndani! Bi harusi haonekani njiani!" somo yake, mwanamke aliyemfunda, akamaka kutoka ndani ya lori.

"Niwie radhi, somo. Baba, zungusha hendeli ya injini."

Kwa vidole vya hina akafungua kifuniko cheusi. Hendeli ilipozunguka, vyuma viwili vidogo vya ndani vikaachana, ikaruka cheche nene, nyeupe.

"Kondensa imekufa, baba. Umeme hauna pa kutulia, basi unaruka hapa, haufiki kwenye plagi."

Akatoa nyingine kwenye sanduku la vifaa la baba yake, kikopo kisichozidi kidole gumba, akaifunga. Injini ikanguruma, wanawake waliomsindikiza wakapiga vigelegele.

Baba yake hakupanda.

"Alhamdulillahi," alisema taratibu. "Na kesho, mwanangu, nani ataniangalizia cheche?"