Sanduku la Mwatime

Goti la Mwatime lilikuwa limegoma. Daktari alimwambia asibebe tena lile sanduku la vifaa alilozunguka nalo nyumba hadi nyumba akitengeneza cherehani. Kuacha kazi hakutaka hata kusikia. Basi mumewe, Mbaruku, akamnunulia kifaa cha kukunja: ukikifungua ni koleo, na ubavuni kina bisibisi, kisu, hata msumeno mdogo.

"Sanduku zima sasa limo kiganjani mwako," akamwambia kwa majivuno.

Asubuhi hiyo walikwenda pamoja kwa mshonaji wa mtaa wa pili, Mbaruku akiwa na hamu ya kuona zawadi yake ikifanya kazi. Mwatime alitoa bisibisi, akazungusha skrubu ya cherehani. Skrubu ikazunguka, na nati iliyoikaza kwa nyuma ikazunguka nayo.

"Ishike hiyo nati kwa koleo," Mbaruku akasema.

"Koleo liko wapi?"

Mbaruku akatazama. Koleo lilikuwa mkononi mwa mkewe, mwili mmoja na bisibisi.

"Bwana wee," Mwatime akacheka, "umeniletea mafundi kumi, na wote wana mkono mmoja."

Mbaruku alirudi nyumbani, akaja na sanduku begani, akihema. Nati ikashikwa, skrubu ikalegea, na baada ya muda cherehani ikaimba.

Walipotoka, Mwatime alinyoosha mkono achukue sanduku. Mbaruku akalisogeza mbali naye, akampa kile kifaa cha mfukoni na chungwa.

"Wewe menya," akasema. "Nyumba inayofuata ni ipi?"